Toa Nguo, Mvua Inakuja

Butembo, tarehe 4 Oktoba 2025

Shemeji Adalbert,

Nakusalimu. Sisi huku tuko, magoti yangu tu ndiyo hayako. Barua hii inakuja na Mama Charline wa vitenge, yule anayezunguka kwa Uganda tangu barabara yetu ikatwe na vita. Mupatie chai na umuache anyooshe miguu, anatoka mbali.

Utauliza kwa nini naandika na simu iko. Shemeji, kwa simu wewe unasema "tuko, Yaya, tuko", halafu unasema réseau inakata, halafu unakata wewe mwenyewe. Tangu tumpoteze mudogo wangu Bénita mu mwezi wa tano sijapata kwako neno refu hata moja. Basi tujaribu karatasi, karatasi haina réseau.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla barabara haijafungwa, mudogo wangu alinitumia carte mémoire, ile ndogo ya kuingiza mu simu. Alijaza humo muziki wako wote aliorekodi. Nilimuambia nitasikiliza, nikaitupa mu droo ya duka chini ya vifungo. Sasa nimenunua karedio kenye tundu la carte, kanakaa juu ya magunia ya maharagwe, nasikiliza tangu nafungua mpaka nafunga. Lakini Bénita hakuandika majina, ni namba tu. Wateja wananiuliza hii ni nini. Nawaambia ni jazz ya shemeji yangu wa Goma, anapiga lile gita kubwa sawa kabati. Wanasema gita iko wapi, sisi tunasikia kama mutu anatembea mu chumba cha juu.

Kwa hiyo niandikie ipi ni ipi, na zipi wewe mwenyewe unazipenda. Uniandikie pia siku ulizopiga mbele ya watu ambazo hazijakutoka mu kichwa. Andika kwa urefu. Biashara imelala, muda ninao.

Yaya yako, dada mukubwa,
Kahindo


Goma, Mapendo, tarehe 19 Oktoba 2025

Yaya Kahindo,

Charline amefika, amekunywa chai, ameomba ya pili, amelala kwenye kiti akiwa na kikombe mukononi. Ninaandika polepole ili asiamke.

Kwanza, si gita. Ni kontrabasi. Gita unaiweka kwenye mapaja, kontrabasi unasimama pembeni yake kama mutu na muke wake kanisani. Dada yako alijua hilo vizuri, ndiyo maana alikuwa anaiita mbanda wake, muke mwenza. Akiona naifuta vumbi alikuwa anasema, "Leo ni zamu ya mbanda, mimi nilale kwa jirani."

Pili, huyo anayetembea mu chumba cha juu ni mimi. Waambie wateja wako kwamba asipotembea yeye, nyumba yote inaanguka. Samy na saxophone yake anaweza kuruka anapotaka kwa sababu kuna mutu chini anayemushikia ngazi. Watu hawamuoni anayeshika ngazi, na mimi sijawahi kulalamika, isipokuwa kidogo.

Namba 3 mpaka 9 ni studio ya Kigali. Hizo ndizo ninazozipenda, na namba 6 kuliko zote. Sikiliza namna nyuzi zinavyoingia peke yazo, kabla Wenceslas hajagusa ngoma. Hakuna pikipiki, hakuna mbuzi, hakuna mutu anayekohoa. Fundi wa pale alitufungia mulango munene kama wa banki, nikasikia sauti ya kontrabasi yangu kwa mara ya kwanza jinsi ilivyo. Nilikuwa nimeipiga tangu ujana, Yaya, na nilikuwa sijawahi kuisikia peke yake.

Mbele ya watu? Harusi ya Rumangabo. Bwana harusi alikuwa mulinzi wa mbuga, na wenzake wote walikuja na viatu vya kazi. Tulikodiwa pamoja na kikundi cha vijana chenye sinta, kile kinanda cha umeme, na magita ya umeme, wakatuweka nyuma karibu na sufuria, sisi wazee tupige wakati watu wanakula. Bibi harusi alipoingia tu, jenereta ikazimika. Sinta ikanyamaza, magita yakanyamaza, mikro ikanyamaza. Bibi harusi amesimama mulangoni, mama zake hawajui wapige kigelegele ama wangoje. Kontrabasi haiombi umeme. Nikaanza, Wenceslas akapiga kwa sufuria maana ngoma zake zilikuwa bado mu gari, na musichana akaingia kwa miguu yangu, ndivyo naweza kusema, kila hatua yake ilikuwa noti yangu. Walipopata mafuta ya jenereta, watu wakakataa iwashwe.

Bénita alirekodi hiyo kwa simu yake. Sijui ni namba gani. Utaitambua kwa makofi na harufu ya nyama.

Hapa muziki unaendelea. Tuko.

Shemeji yako,
Adalbert


Butembo, tarehe 16 Novemba 2025

Shemeji,

Nimepata barua, nimesoma mara nyingi, nimemusomea Masika wa duka la pili. Tumecheka kwa ile ya kushika ngazi. Kumbe wewe mutu wa maneno unajificha nyuma ya lile kabati.

Namba 6 nimeisikiliza kwa heshima. Ni nzuri, siwezi kukataa. Ni nzuri kama kitanda cha hoteli, nimelala mbele ya muteja, mpaka amenigonga begani. Usinichukie.

Sasa mimi nikuambie ninayoipenda. Ni namba 14. Huko hakuna mulango wa banki. Kuna kuku, kuna mutu anasaga kitu, kuna watoto wa jirani. Wewe unatembea na kidole chako chini, Samy anapanda juu taratibu, inafika pahali ambapo hata mimi nisiyejua jazz nashika moyo. Na hapohapo anaingia mudogo wangu, karibu kabisa na simu, na ile sauti yake ya kuita watu wa ng'ambo ya mutaa: "Adalbert, toa nguo, mvua inakuja!" Saxophone inacheka. Naapa, inacheka ikiwa bado mudomoni mwa mutu. Na wewe hausimami. Unaendelea kutembea kama kiziwi.

Siku ya kwanza nilipoisikia nilifunga duka. Sasa naiweka kila asubuhi. Wateja wameizoea, kuna mama wa samaki akiingia anasema, "Weka ile ya nguo." Niambie hiyo ilikuwa siku gani.

Na Kalengera. Bénita alinisimulia juujuu tu kwamba mulipokimbia volkano ulipiga mu darasa la shule. Nataka kutoka kwako.

Na nyumba iko namna gani? Vitu vya nyumba viko namna gani? Nauliza tu.

Kahindo


Goma, Mapendo, tarehe 14 Desemba 2025

Yaya Kahindo,

Kati ya vyote ulivyo navyo umechagua kile kilichoharibika.

Namba 14 haikupaswa kuwa kwenye carte. Ilikuwa siku tunarekodi kwa ajili ya watu wa festivali moja, walitaka kutusikia kabla ya kutualika. Hatukuwa na njia ya kwenda Kigali tena, tukasema tupige hapa kwetu, mu uwanja. Nilizunguka mutaa mzima kuomba ukimya. Nilimupa mama wa kusaga mihogo kiti na soda ili apumzike, akanywa soda akaendelea kusaga. Bénita nilimuambia: wewe kazi yako ni kushika simu na kufunga mudomo. Akasema ndiyo, bwana mukubwa. Umesikia alivyofunga.

Na ilikuwa ndiyo mara tuliyoipata, Yaya. Ile ngazi ilikuwa imesimama yenyewe. Nilijua kwenye mikono kwamba haitakuja mara ya pili siku hiyo, ndiyo sababu sikusimama. Tungeanza tena, lakini mvua ilikuja kweli, na tulikimbiza kontrabasi ndani tukasahau nguo kwenye kamba. Akanuna mpaka Jumapili kwa sababu ya mashuka. Watu wa festivali tuliwatumia ya Kigali.

Kalengera, basi. Mwaka wa 2021, muji ulipoamriwa kuondoka, sisi tulipata nafasi kwa lori la mahindi lililokuwa linarudi Rutshuru. Dereva akasema watu ndiyo, kabati hapana. Bénita, aliyekuwa ananitania juu ya mbanda kila siku, akaweka mikono kiunoni akamuambia, "Huyu asipopanda, na mimi sipandi, na ukituacha hapa utaulizwa na Mungu." Ikapanda mbele yake. Yeye alikaa juu ya gunia ameikumbatia shingo mpaka Kalengera.

Mu darasa tulilopewa tulikuwa familia nyingi, na kontrabasi ililala ikichukua nafasi ya watu wawili. Watu wakaanza kunung'unika, na walikuwa na haki. Bénita akaniambia, "Simamisha mbanda, apige, alipie nafasi yake." Nikapiga. Si jazz, nilianza na nyimbo za misa, halafu zile za harusi za kwetu, halafu nikajikuta mu jazz na hakuna aliyelalamika. Mama mumoja aliyekuwa amepoteza nyumba aliketi akaegemeza mugongo kwenye mbao za kontrabasi. Alisema inamukanda. Kesho yake wakapanga foleni ya migongo.

Nimepiga mu hoteli za ziwani mbele ya wakubwa waliokuwa wanakula samaki bila kuinua macho. Hao wa Kalengera ndio wasikilizaji bora niliowahi kupata, na walikuwa wamenipa migongo.

Vitu vya nyumba viko pahali pake. Hakuna kilichoguswa.

Noeli njema,
Adalbert


Butembo, tarehe 18 Januari 2026

Adalbert,

Leo sikuiti shemeji mpaka tumalize maneno.

Charline amerudi na amekaa dukani kwangu. Nilimuuliza tu, kwa mazungumzo, kama amekusikia ukipiga. Akashangaa. Akasema, Mama, kile kitu kiko mu pembe ya sebule, kimefunikwa kitenge cha marehemu, cha ndege wa bluu, na nyuzi zimelegea zinaning'inia kama kamba za viatu. Akasema yule Samy alikuja akiwa yeye yupo, amekuomba upige naye concert ya Pasaka mu salle ya mikutano ya parokia, amesema asipokupata itabidi wachukue kijana wa sinta. Na wewe ukamumiminia chai, ukamuongelea bei ya viazi mpaka akaondoka.

Kumbe uliniandikia barua ndefu juu ya muziki kama mutu aliyeshuka jukwaani jana, na haujagusa uzi tangu tumuzike. Tangu mumuzike, niseme. Sisi hatukuwepo.

Acha niulize kile kilichonifanya nianze hizi barua, maana kuuliza mambo ya muziki ilikuwa njia ya kuzunguka, kama Charline na Uganda. Umetukasirikia? Kwa kuwa hatukuja kwenye mazishi? Tulikaa barabarani, Adalbert. Tulifika mbele mpaka tuliporudishwa, na kaka zangu walilia palepale kwenye gari mbele ya watu.

Kama hujatukasirikia, kwa nini hujatuma nguo zake? Kwetu, mujane ndiye anayefunga nguo za marehemu na kuzituma kwa ndugu. Zikifika tunazitandika, kila mutu anachukua moja, na kilio kinaisha kwake na kwetu. Zisipofika, kilio kinabaki wazi. Mama yetu mudogo mpaka leo hajavaa rangi. Dada zangu hawaendi harusi. Na hatuwezi kukudai. Kudai nguo kwa mujane ni kumuambia achana na sisi, hautuhusu tena. Ningekufa na hayo maneno mu kifua. Uliponiandikia kwamba hakuna kilichoguswa, nilisema basi, amekataa, ametuachia kilio sisi peke yetu.

Lakini kila asubuhi naweka namba 14, na kila asubuhi yeye anakuambia toa nguo. Nimesema kama yeye mwenyewe anakuambia, mimi naogopa nini.

Nijibu.

Kahindo


Goma, Mapendo, tarehe 8 Februari 2026

Yaya Kahindo,

Nimeketi na barua yako tangu Charline ameileta, na yeye ananiangalia kama mutu anayengoja mgonjwa aamke.

Sikujua. Ningejua, ningezileta kwa miguu. Miaka yote ya ndoa yangu nimekula ugali wenu wa mihogo, najua namna munavyozaa, namna munavyooa, majina munayowapa watoto kwa zamu ya kuzaliwa. Hakuna aliyefikiri kuulizana namna munavyomaliza kilio. Nani anauliza hayo akiwa na muke muzima?

Kwetu ni kinyume. Kwetu mujane hafanyi kitu. Anakaa. Wakwe ndio wanaokuja, wanamunyoa nywele, wanamupa kikombe cha kwanza, wanamuambia sasa toka, cheka, fanya kazi yako. Na mpaka wamuambie, hakuna muziki mu nyumba. Ni mimi niliyekuwa ninawangoja ninyi. Na kuwaita haiwezekani. Mujane anayewaita wakwe waje wamufungue, watu wanasema huyo ameshaona mwingine. Nilifikiri muna hasira kwamba tulimuzika bila ninyi. Joto lilikuwa kali na hapakuwa na barafu, Yaya, padri mwenyewe alisema tusingoje. Kila siku nilikuwa nasema wameniacha nikae hivi, na labda nimestahili. Nilipokuandikia kwamba hakuna kilichoguswa, nilitaka ujue kwamba nawatunzia.

Nguo zake ziko mu valisi nyuma ya mulango. Nimezifua, nimezipiga pasi, nimezikunja kama alivyokuwa anakunja yeye. Nilikuwa nangoja mufike muchague.

Kuhusu nyuzi. Kontrabasi haijui kilio. Mutu akifunga mulango kwa nguvu, inaitika. Lori likipita, inaitika. Nilikuwa nikipiga chafya mu sebule, na yenyewe inajibu chini kwa chini. Sikuweza. Nikalegeza nyuzi zote mara moja, kitu ambacho mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua kwamba hakifanywi, na kale kajiti ka ndani kanakoshikilia tumbo la mbao kakaanguka. Nilisikia kakigonga. Kwa Kifaransa kajiti hako wanakaita roho ya kontrabasi. Usianze kulia, ni jina la kajiti tu. Lakini bila hako haipigi, na kukarudisha kunataka mikono minne na chuma kilichopindwa.

Nasikia vidole vyangu vimekuwa laini kama vya karani. Pasaka iko karibu. Kama nikipita Pasaka bila kupiga, Yaya, sidhani kama nitarudi tena, nakuambia ukweli. Sitaki kuzeeka nikiwa mutu wa bei ya viazi.

Charline anaondoka na valisi. Zote zimo, isipokuwa kile kitenge cha ndege. Kimefunika kontrabasi na nimeshindwa kukiondoa. Kama ni kosa kwa desturi yenu, sema, nitakituma.

Adalbert


Butembo, tarehe 9 Machi 2026

Shemeji yangu Adalbert,

Nakuita tena, na kwa sauti.

Valisi imefika. Wa forodha waliifungua wakaona nguo za mwanamuke mumoja zimepigwa pasi namna ile, wakamuambia Charline apite.

Tulizitandika jana uwanjani kwa Mama mudogo, na ndugu wote walifika. Nilileta karedio kangu. Watu waliuliza kwaya iko wapi, nikawaambia muziki wa leo unatoka Goma, na sikuweka ile ya Kigali. Niliweka 14. Wote walikuwa wameinama wanaangalia nguo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugusa. Wewe unatembea, Samy anapanda, na Bénita akaita. Mama mudogo, aliyekuwa haongei tangu asubuhi, akainuka akasema "Ndiyo, mama, natoa," akaanza kukusanya nguo haraka mikononi kama mvua iko mulangoni. Tukainuka wote tukamusaidia. Tulilia, halafu tukacheka, halafu kaka zangu wakacheza na lile gita la kabati. Mimi nimepata sweta ya kijani. Inanibana, naivaa.

Kitenge cha ndege ni chako. Tumekubaliana wote.

Sasa sikiliza. Barabara haijafunguka na magoti yangu hayawezi kuzunguka na Uganda. Kwa hiyo tumekaa, tumeamua. Charline anakuletea chupa ya kasiksi, imetengenezwa na Mama mudogo mwenyewe kwa ndizi zake. Wenceslas akunyoe. Majirani wawepo. Charline akupe kikombe cha kwanza, tumemutuma yeye awe mukono wetu, na haya yasomwe mbele ya watu:

Sisi wakwe zako wa Butembo, sisi wote, tunakuambia: ulimutunza mutoto wetu, ulimuzika vizuri, hatuna neno juu yako. Nyoa. Kunywa. Toka nje. Na ile kazi yako, uifanye.

Kahindo, kwa niaba ya nyumba nzima


Goma, Mapendo, tarehe 12 Aprili 2026

Yaya Kahindo,

Kasiksi ya Mama mudogo inaingia kwa miguu kwanza, kichwa kinafuata. Wenceslas alininyoa baada ya kikombe chake cha pili, na nina alama juu ya sikio ambayo watu wote wa salle ya parokia waliiona. Barua yako aliisoma Charline. Alifika "tunakuambia", akamupa Samy amalizie.

Kajiti tumekarudisha, mimi naangalia kwa tundu na taa ya simu, Samy na Wenceslas wanashika, tumetukanana siku nzima. Vidole vimetoka malengelenge, yakapasuka, nikaweka mafuta ya taa kama zamani. Pasaka nilipiga. Sikupiga vizuri. Kuna pahali nilipotea kabisa, Samy akanishikia ngazi mimi, fikiria, miaka hii yote. Sikutaka kushuka.

Uliniuliza mara ya kwanza ni ipi ninayoipenda, nikakuandikia namba 6. Futa hiyo. Ni 14. Nilijua tangu siku ile ya mashuka, nilikuwa naona haya tu.

Mu bahasha kuna carte. Humo ni kitu kimoja, tumekirekodi juzi mu uwanja, palepale. Kontrabasi ilikuwa na kitenge chake begani. Sikuzunguka mutaa kuomba ukimya. Utasikia mama wa mihogo anasaga, utasikia Charline anauliza chumvi iko wapi. Na katikati, Samy akiwa juu kabisa, utasikia mutu anaita kwamba nguo zitolewe, mvua inakuja, na saxophone inacheka. Usihangaike kutafuta sauti ya nani. Ni mimi. Jua lilikuwa linawaka, Yaya, na kamba ilikuwa tupu.

Shemeji yako,
Adalbert